Ampli ya Lionel

Solange alikuwa akitwanga pondu, majani ya muhogo, uani. Zamani Tantine Clémence angekuwa pembeni, akichambua majani na kumtania kwamba anatwanga kama mgonjwa. Sasa kigoda cha Tantine kilikuwa kitupu, na kukitazama kulimuuma Solange kila siku.

Shemeji yake Lionel, mpiga gitaa, alikufa akiwa ameinamia ampli yake ya zamani ya kukuza sauti ya gitaa, ile kubwa yenye taa za kioo ndani. Alikuwa akiitengeneza. Jioni ile courant, umeme wa mtaa, ilikuwa imekatika Tshopo nzima, ingawa bwawa la umeme liko hapo hapo jirani. Kwa hiyo familia ilisema umeme haukumwua. Basi nani? Lawama zote zikamwangukia Tantine, mjane mzee aliyewalea Lionel na mdogo wake Eddy, mume wa Solange. Wakamwita mchawi. Eddy mwenyewe ndiye aliyetupa mafurushi yake barabarani. Tangu hapo Tantine alilala kibandani nyuma ya kanisa, na Solange hakuthubutu kufungua kinywa.

Mchana huo Eddy aliiwasha ampli barazani, mbele ya Solange. Ilinguruma, ikatoa harufu ya kuungua, kisha courant ikakatika mtaa mzima. Eddy akafurahi.

"Sasa njo saa ya kutengeneza," alisema. "Courant haiko, hatari haiko."

Akafungua skrubu. Prise aliiacha ukutani.

Viviane, jirani yao anayetengeneza redio sokoni, alikuwa amekuja kuomba makaa ya moto. Alipoona mkono wa Eddy ukishuka ndani, alipiga kelele.

"Eddy! Hapana kugusa!"

"Kwa nini? Courant imeenda."

"Imeenda mu quartier. Mu ampli iko." Viviane alichomoa prise kwanza. "Na ile ya inje inaweza kurudia sasa hivi."

Akaleta chombo chake cha kupimia umeme. Akabana waya mmoja wa chombo kwenye bati la ampli, akaweka mkono mmoja nyuma ya mgongo ili umeme usipite kifuani, akagusisha waya wa pili kwenye ncha ya kopo dogo nene ndani ya ampli. Namba zikaruka hadi volti mia tatu na zaidi.

"Hii ni condensateur. Inachunga courant hata kama umechomoa prise. Ya ampli kama hii inaweza kuua mutu."

Kisha akashikiza hapo waya uliofunikwa vizuri, wenye résistance, kizuizi cha umeme, ili umeme utoke polepole. Akapima tena. Sifuri.

"Hapana kutoa courant na tournevis ya skrubu, inaruka moto. Kama hauna cha kupimia, uache, uite fundi." Akachomoa fusible, fyuzi ya ampli. Ilikuwa imefungwa waya wa shaba. "Na hii nani alifanya? Fusible inakatika juu ya kukulinda. Ukifunga waya, ampli itaungua na nyumba."

Mchi ulimtoka Solange mkononi.

"Alors, Lionel..." alisema.

"Mi sikukuwa hapa," Viviane alijibu taratibu. "Mukono yake ilikuwa wapi?"

"Mu ndani," Eddy alisema. Akaketi chini, akalia bila kujificha.

Solange alimwacha alie. Kisha akasema maneno aliyoyameza muda wote huo: "Eddy, Tantine atalala hapa leo."

Eddy akapanda toleka, baiskeli ya abiria, akaenda kumtafuta. Tantine alirudi amekonda, hakumsalimia mtu.

Viviane akabadilisha condensateur, akaweka fusible mpya ya kipimo kile kile. Courant iliporudi, Eddy akapiga gitaa la Lionel, likasikika safi. Hakuna aliyecheza. Eddy alizima, akachomoa prise.

Tantine alinyoosha mkono. "Munionyeshe kitu iliua mutoto yangu."

Eddy akamwekea condensateur ya zamani kiganjani. Mama yule aliigeuzageuza.

"Njo hii?"

"Njo hii, Tantine. Utusamehe."

"Kadogo hivi," alisema. "Na mulikuwa munaiita Clémence."

Kisha akavuta kigoda chake, akaanza kuchambua pondu. Solange aliokota mchi, akatwanga vibaya kwa makusudi, akasubiri. Tantine hakumtania.