Kioo cha Wifi

Mungu anisamehe, mimi ndiye niliyemtia rafiki yangu maneno. Yeye ni msusi, na saluni anagawana na wifi yake. Mvuke wa maji ya moto ya kuoshea nywele ulipofunika vioo vyote, cha wifi kilibaki safi, kwa kuwa alikipaka ute wa mshubiri alioupika mwenyewe. Wateja wakahamia kwake, na kiti kilichowalisha watoto wa rafiki yangu kikabaki kupigwa na vumbi.

"Wifi, nigawie basi hako kadawa," aliomba.

"Kapike kako, wifi yangu. Jasho la mtu haliazimwi," akajibiwa, na wateja wakaangua kicheko.

Kijicho kikamwingia, akaja kunilalamikia. "Nenda kaufute huo ute," nikamwambia, "tuone atacheka na nani."

Siku moja ya mvua umeme ulikatika, na wifi alikuwa ametoka. Rafiki yangu akakisogelea kioo na kitambaa mkononi. Ndani mlikuwa na giza, ila mwanga hafifu wa dirishani, na hakusikia ila matone ya mvua juu ya bati. Kabla hajakigusa, doa la ukungu likatokea pale pasiposhika ukungu, usawa wa mdomo wake. Likapungua, likakua, likapungua tena. Akabana pumzi. Doa likaendelea vilevile, na sasa akasikia mtu akihema taratibu. Akalifuta kwa nguvu. Kitambaa kilitoka kikavu, na doa liko palepale, upande wa ndani wa kioo.

Kioo hicho bado kipo. Ukienda kusukwa pale, nakuomba uchague kiti kingine.