Mgeni Katika Kundi la Wasiotumia Nguvu

"Usimguse. Mwache apite," ilisema sauti ya mwanaume kutoka kwenye hedifoni, kwa upole ambao Wembe hakuupenda hata kidogo.

"Anapita?" Miwani aliuliza.

"Bado. Huyo ana usingizi, ataegemea ukuta kwanza. Subiri. Subiri... haya, nenda."

Kwenye televisheni, mwizi aliyejifunika kofia aliteleza nyuma ya mlinzi, akaingia mlangoni bila hata kivuli chake kuonekana. Miwani akacheka. Si kicheko cha kuwachekea wateja, la. Kile cha chini, kinachotokea tumboni. Wembe siku zote alidhani kicheko kile ni mali yake peke yake.

Alikuwa amekaa kwenye kochi nyuma ya mchumba wake, sahani magotini. Alikuwa amemmenyea chungwa, na chungwa lilikuwa linakauka.

Huyu bwana aliitwa Wembe kwa sababu mbili: alikuwa kinyozi, na hasira zake hazikuhitaji kunolewa. Mchumba wake aliitwa Miwani kwa sababu alifanya kazi ya kusaga vioo katika duka la miwani, ingawa macho yake mwenyewe hayakuwa na kasoro. Harusi yao ilikuwa mwezi unaofuata.

"Nani huyo?" Wembe aliuliza.

"Kimya."

"Unaninyamazisha?"

"Ndilo jina lake kwenye gemu. Mwenzangu wa kucheza."

"Na huyo mwizi wako, si ana nguvu? Naziona hapo pembeni. Kuona ng'ambo ya ukuta, kutoweka, kusimamisha muda."

"Anazo. Sizitumii. Tuko kundi zima, tunataka kumaliza gemu bila nguvu hata moja, bila kuua mtu, bila kuonekana."

"Yaani umepewa macho ya kuona ng'ambo ya ukuta, halafu unakaa gizani kusikiliza viatu vya watu?"

"Ndiyo utamu wenyewe. Ukiona kila kitu, utashtuka saa ngapi?"

"Na Kimya kazi yake nini?"

"Ananiangalia nikicheza, ananishauri. Na mimi namwangalia yeye. Hili jumba la gavana ndiyo hatua ya mwisho, peke yako hulimalizi."

"Na mimi kazi yangu nini?"

Miwani akageuka, akachukua kipande cha chungwa.

"Kumenya."

Ulikuwa utani, tena utani mtamu. Lakini mtu mwenye wivu hana mahali pa kuuweka utani. Wembe aliubeba hivyohivyo mpaka kazini kesho yake.

"Mwanamke hacheki hovyo," alisema Chanuo, kinyozi mwenzake, huku akipangusa kiti. "Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

"Nani kasema?"

"Wewe. Tangu tumefungua husemi kingine. Yule mteja wa kwanza umemnyoa sharafa moja, nyingine kaenda nayo nyumbani."

Wembe akajitazama kwenye kioo, akaona uso wa mtu asiyelala.

"Nifanyeje?"

Chanuo akaonyesha kwa kidole mashine ya gemu waliyowawekea wateja wanaosubiri zamu.

"Fungua akaunti. Ingia kwenye hilo kundi lao kama mtu baki. Mtongoze. Akiteleza, umejua. Asipoteleza, umejua vilevile."

"Na akinitambua?"

"Atakutambuaje? Hakuna sura, hakuna sauti. Wewe andika tu."

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Siku hiyo Wembe alizinyoa zote. Alifungua akaunti, akajiita Mgeni, akaomba kuingia katika kundi la Wasiotumia Nguvu. Jioni, wateja walipopungua, ujumbe ukatokea kwenye skrini.

Miwani: "Karibu Mgeni. Kanuni ni moja, usitumie nguvu. Ukishikwa anza upya, hakuna atakayekucheka. Cheza nikuangalie."

Mgeni: "Asante dada. Nasikia wewe ni mwalimu mzuri."

Miwani: "Nani kakudanganya? Haya, mlinzi yuko kushoto. Msikilize kwanza."

Alimfundisha kwa subira. Wembe akishikwa, anaambiwa pole. Akishikwa tena, anaambiwa jaribu bila haraka, hakuna anayekufukuza. Ilikuwa siku nyingi hajaongeleshwa hivyo na mchumba wake, na badala ya kufurahi, roho ikamuuma. Mbona anamwambia Mgeni maneno matamu namna hii? Huyo Mgeni ni nani kwake?

Usiku uleule akampigia simu.

"Leo umeongea na nani kwenye gemu lako?"

"Na watu wa kundi. Kuna mgeni mmoja, anauliza maswali kuliko anavyocheza."

"Mwanaume?"

"Sijamuuliza."

"Unamwonaje? Mzuri?"

"Wembe, mtu asiye na sura atakuwaje mzuri?"

"Nauliza tu."

"Hapana, huulizi tu. Lala."

Wivu kidonda, ukishiriki utakonda. Wembe alikuwa sasa ana wivu na wanaume wawili, na mmoja wao ni yeye mwenyewe. Siku ya tatu akavamia.

Mgeni: "Dada, una mtu?"

Miwani: "Nina mchumba. Tunaoana mwezi ujao."

Mgeni: "Mimi nina nyumba na gari. Anakupenda kweli huyo?"

Jibu lilichelewa. Chanuo alikuwa amesimama nyuma yake na mashine ya kunyolea mkononi, mteja kaachwa nusu kichwa.

Miwani: "Ananipenda. Siku hizi ananichunga zaidi."

Mtu mwenye busara angezima kila kitu hapo, akaenda kwa mchumba wake kuomba radhi. Wembe alisogeza kiti karibu na skrini.

Mgeni: "Na Kimya je? Mbona mmeshikana sana?"

Miwani: "Kimya ni mlinzi wa ghala, mlinzi wa kweli. Anajua mlinzi akichoka anaegemea wapi. Ndiyo maana nikicheza naye sishikwi."

Mgeni: "Ameshawahi kukutongoza?"

Miwani: "Mgeni, cheza."

"Umeona?" Wembe aligeuka. "Hakukana."

"Hakukana," Chanuo aliitikia kwa sauti ya msibani.

"Mtu asiye na kitu anasema hapana. Herufi sita tu. Zimemshinda?"

Akaandika neno ambalo hata shetani angelifikiria mara mbili.

Mgeni: "Naomba tuonane. Mara moja tu."

Akatumaini atatukanwa. Aliomba Mungu atukanwe.

Miwani: "Jumamosi saa kumi jioni. Mgahawa unaotazamana na duka la miwani. Njoo peke yako."

Chanuo akamwekea mkono begani. Mteja wa nusu kichwa akakohoa.

Wembe alimpigia Miwani palepale, mbele ya watu.

"Jumamosi jioni nataka nije kwako."

"Jumamosi jioni nina kazi kidogo."

"Kazi gani? Si duka linafungwa mchana?"

"Utaijua."

"Na nani?"

"Wembe, nimesema utaijua."

Siku zilizobaki hakula akashiba. Alipanga maneno ya kumwambia, akayapangua, akayapanga upya. Angemvua pete mbele ya watu. Hapana, angemwachia pete, iwe inamchoma kidoleni. Angemsubiri huyo Mgeni afike, wamalizane kiume. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba Mgeni ni yeye, akakaa chini.

Jumamosi ilipofika alivaa shati lake jeusi. Alimwona tangu mlangoni. Miwani alikaa meza ya katikati, mgongo kwa mlango, nywele kazisuka upya, vikombe viwili mbele yake. Amejipamba kwa ajili ya mwanaume asiyemjua! Wembe alipita kati ya meza bila kugusa kiti, akafika, akasimama nyuma yake.

"Kaa, Mgeni," Miwani alisema bila kugeuka. "Chai inapoa."

Maneno yote aliyoyapanga yakamtoka kichwani.

"Umejuaje?"

"Kimya ndiye aliyejua kwanza. Alikuwa anakuangalia ukicheza siku ya pili, akaniuliza, 'Huyu Mgeni ni kinyozi?' Nikamuuliza kwa nini. Akasema, 'Kila mlinzi anayemkuta hampiti. Anazunguka, anasimama nyuma yake kwenye bega la kulia, anamtazama kisogo. Sijaona mwizi wa namna hiyo.'"

Wembe akatazama miguu yake. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Miwani, kwenye bega la kulia, macho yakiwa kisogoni. Akazunguka meza, akakaa.

"Halafu unatumia nguvu," Miwani aliendelea. "Kila mlango, kila ukuta. Ukimaliza hatua gemu linaandika, na kundi zima linasoma. Wenzangu walitaka kukufukuza, nikawaombea wakuache."

"Kwa hiyo ulijua, na bado ukaniandikia yale?"

"Niliandika ninayotaka uyasikie. Ungeniuliza kwa mdomo wako ningekujibu hivyohivyo."

"Hukujibu kuhusu Kimya."

"Niulize sasa."

Alikunywa chai, ikamuunguza.

"Alishakutongoza?"

"Ndiyo."

Mgahawa uliendelea na kelele zake. Wembe akaweka kikombe chini.

"Lini?"

"Mwanzoni kabisa. Aliniambia ananipenda. Nikamwambia nina mtu, na huyo mtu ndiye nitakayeolewa naye. Akasema sawa, akauliza tunaanza hatua gani."

"Na ukaendelea kucheza naye. Kila siku. Sauti yake sikioni mwako, mimi nyuma nakumenyea machungwa kama mjinga."

"Niliendelea. Na sikukuambia. Hilo ni kosa langu, silifichi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa ungekuwa hivi."

"Hivi vipi?"

"Hivi ulivyo, Wembe. Umejibadilisha jina, umenitongoza mimi mchumba wako mwenyewe, umenitegea mtego ili uniache. Tena kwa gari ambalo huna."

Wembe akafungua mdomo kutetea lile gari, akaufunga. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na yeye alikuwa kule chini anatazama juu.

"Ulitaka nishikwe," Miwani alisema, na sauti yake ikakatika kwa mara ya kwanza. "Ulipenda nishikwe kuliko ulivyopenda nisiwe na kosa. Hiyo ndiyo imeniuma. Sikulala."

"Mimi nimekosa usingizi tangu mwezi uliopita. Nikisikia unacheka naye, hapa panawaka." Alijigusa kifua. "Sijui nikuambieje. Naona kama kuna mlango kwako ambao yeye anaingia na mimi nabaki nje."

"Hiyo ungeniambia. Hiyo ningeielewa."

Miwani akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Akatoa simu mkobani, akaifungua, akaisukuma katikati ya meza.

"Kadi za harusi ziko kwa mama. Nimemwambia asimpe mtu hata moja mpaka nimpigie kutoka hapa."

Wembe akaitazama simu.

"Meseji zote za Kimya zimo humu, tangu ya kwanza. Sijafuta hata neno. Soma."

"Kweli?"

"Kweli. Hutakuta kitu. Ukimaliza kusoma utakuwa na amani, na mimi nitakwenda kumwambia mama azichome zile kadi. Siwezi kuolewa na mtu wa kunikagua."

"Na nisiposoma?"

"Hutajua. Utabaki na neno langu tu."

Simu ilikuwa karibu na mkono wake. Angeweza kumaliza yote kwa dakika chache, akajua, akapumua. Akanyoosha kidole. Kabla hakijafika, simu ikatetemeka mezani, na juu ya kioo likatokea jina la Kimya na mwanzo wa ujumbe: "Amefika? Kabla hujampigia mama yako, kuna jambo nilitaka kukuambia..." Maneno mengine yote yalikuwa yamekatwa. Ukitaka kuusoma, lazima uuguse.

Wembe aliyasoma yale maneno machache mara tatu.

"Anataka kukuambia nini?"

"Sijui."

"Husomi?"

"Nitasoma nikifika nyumbani."

"Nikikuuliza kesho alisema nini, utaniambia?"

"Ukiniuliza kwa jina lako, nitakuambia."

Alikaa na kidole chake hewani. Wivu haukumtoka, msimsifu bure. Ulimkaa kooni, ulimwambia gusa, gusa tu, mara moja, nani atakulaumu. Chanuo angegusa. Wateja wote wa saluni wangegusa. Akaishika simu, akaigeuza kifudifudi, akaisukuma mpaka upande wa Miwani.

"Sijaamini vizuri," alisema. "Sitaki kukudanganya. Lakini sisomi."

Miwani alimtazama kitambo, kama anavyotazama kioo alichokisaga kabla ya kukitia kwenye fremu. Kisha akachukua simu. Ujumbe wa Kimya hakuufungua. Akabonyeza namba, akaweka sikioni.

"Mama, zigawe."

Upande wa pili palikuwa na maneno mengi, ya mtu aliyekaa na wasiwasi tangu asubuhi. Miwani alisikiliza, macho yakiwa kwa Wembe.

"Ndiyo mama, huyohuyo," alisema. "Hapana, hajabadilika. Zigawe hivyohivyo."