Mbeleko ya Irambona

Dukani kwa Adelfina, pale Kabanga, jioni ile walikuwa watatu: Adelfina mwenyewe, Zita, na Véronique, mama mkwe wa Zita. Hakuna mwingine aliyeingia mlangoni. Hilo wote watatu wangeapa.

Zita na mkwewe walifuata kitenge cha misa ya kumwombea Irambona, mtoto wa Zita, aliyefariki ana miezi saba. Tangu mazishi hakuna aliyemwita tena Mama Irambona. Watu walimwonea huruma, wakalizika na jina hilo pia.

"Tusikate kwanza," Adelfina alisema, akainua kishikwambi. "Simama hapo. Hiki kinakuvisha kitenge kabla hujakinunua."

Véronique akacheka. "Mimi kinivishe na ujana basi!"

Zita nusura atabasamu.

Ndani ya kioo cha kishikwambi akajiona amevaa kitenge cha bluu chenye maua. Akageuka, akatazama juu ya bega aone mgongo umekaaje.

Adelfina akachungulia kioo.

"Kimekosea," alinong'ona. "Kinavisha kila mtu kinayemwona... Kimeona wawili."

Mgongoni mwa Zita palikuwa na kitenge kingine. Kidogo. Kimevimba, kama kimefunika mtu.

Kikateleza. Kikapanda. Kikateleza tena... kama mtoto anayeparamia mgongo usio na kitu cha kumshika.

Chini yake ukaning'inia mguu wenye soksi nyekundu. Mguu wa pili haukuwa na kitu.

Zita ndiye aliyemvisha mwanawe siku ya mazishi. Soksi moja ilipotea. Hakumwambia mtu.

Pakanukia maziwa.

"Zita," Véronique alisema kwa sauti ya chini, "ile mbeleko uliiweka kaburini?"

Kwao, mtoto wa mgongoni huzikwa na mbeleko yake, asije akahangaika kutafuta mgongo. Véronique mwenyewe aliikunja, akamkabidhi Zita aiweke kwa mkono wake.

"Ina harufu yake, mama. Ninailalia."

"Anachoka, mwanangu. Mwone anavyochoka."

Kwenye kioo, kile kidogo kiliteleza mpaka kiunoni. Zita akainama, mikono nyuma, kumdaka.

Mikono ilikamata hewa.

Lakini mgongo ukapata joto. Ukapata uzito...

Akabaki ameinama hivyo. Hakuna aliyemharakisha. Adelfina alishika kishikwambi kwa mikono yote miwili, machozi yakimtiririka, asikitikise.

"Nikimpa mbeleko ataondoka," Zita alinong'ona.

"Atalala. Mwache alale, Mama Irambona."

Kusikia jina hilo, Zita akalia kwa sauti. Akanyooka polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Kioo kikabaki na kitenge kimoja.

"Labda ni mikunjo ya blauzi," Adelfina alisema akiwasindikiza, wala mwenyewe hakuamini. Kitenge aliwapa, pesa akakataa.

Nyumbani, Zita alipovua ile blauzi, aliikuta imelowa nyuma ya bega. Udenda.

Asubuhi waliifukia mbeleko kaburini. Véronique alishika jembe, Zita akaiweka.

Wiki iliyofuata Zita alirudi Kabanga peke yake, akaomba avishwe tena kitenge cha bluu. Akageuka. Akainama, mikono nyuma, akangoja mpaka giza likaingia dukani.

Kishikwambi kilimvisha yeye tu.