Maji Yaliyopanda Bila Mvua

Mama Dobi alifua nguo za watu uani kwake, siku sita kwa juma. Alikuwa na mabeseni manne, kamba mbili na kisima. Mumewe, fundi seremala, alimtania kwamba mikono yake ni safi kuliko roho yake.

Jumatatu moja sabuni ilikataa kutoa povu. Alisugua, akaongeza nyingine, wapi. Shuka zilipokauka zilikuwa na alama nyeupe, kana kwamba mtu amezishika kwa mikono yenye majivu. Akaonja maji ya kisima. Yalikuwa ya chumvi.

Juma lililofuata mlimao wa uani ulikauka ukiwa umesimama. Kisha, Jumanne saa sita mchana, jua linawaka na mbingu haina wingu, maji yakaingia jikoni. Hayakupita mlangoni. Yalitoka chini, kwenye ufa wa sakafu, polepole, bila sauti. Yalifika kwenye vifundo vya miguu, yakatulia. Baadaye yakarudi yalikotoka.

"Hii si bure," alisema mumewe. "Kuna mkono wa mtu."

"Wa nani?"

"Dada yangu. Tangu tugombanie mpaka wa kiwanja, umemwona akicheka?"

Tangu siku hiyo Mama Dobi hakumsalimu tena wifi yake, ingawa ukuta wao ulikuwa mmoja.

Alhamisi alikuja mpima maji, mama mmoja mwembamba kutoka idara ya maji. Alichota maji kisimani kwa Mama Dobi, akachota na kwa wifi. Kisha akawaita wote watatu.

"Visima vyote viwili vimeingia chumvi," alisema.

Wifi alimtazama kaka yake. "Kumbe mlidhani ni mimi. Na mimi nilidhani ni ninyi."

Seremala aliinamisha kichwa. "Tusamehe, dada."

"Ni bahari," alisema mpima maji. "Inapanda mwaka hadi mwaka. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, inapenya chini ya mchanga mpaka visimani, na hata sakafuni."

"Nani anaipandisha?" aliuliza Mama Dobi.

"Moshi. Wa viwanda, wa magari, wa misitu inayochomwa. Unakaa angani na kushika joto kama blanketi. Barafu za mbali zinayeyuka, na maji ya bahari yakipata joto yanatanuka."

"Sisi hapa tuna kiwanda gani?" aliuliza seremala.

"Hatuna, fundi. Moshi hauulizwi pasipoti mpakani. Ndiyo maana nchi moja haiwezi peke yake. Wanaotoa moshi mwingi wapunguze zaidi, na wawasaidie wanaoumia. Lakini nasi tusikae bure. Sisi tunakata mikoko, na nchi ya ng'ambo ya ghuba inakata. Bila mikoko, mawimbi yanakula ufuo. Wajumbe wa nchi zote mbili watakutana mwezi ujao. Njoo useme, Mama Dobi."

Alikwenda na chupa ya maji ya kisima. Wajumbe waliionja mmoja mmoja.

"Maji kama haya yalitoka chini ya sakafu jikoni kwangu," alisema. "Mchana, bila mvua."

Mama mmoja wa ng'ambo, mwoka mikate, akasimama taratibu. "Ilikuwa mwezi uliopita, Jumanne? Saa sita?"

"Ndiyo."

"Na kwangu pia. Yalitoka sakafuni."

Mama Dobi akamwendea, akamshika mkono.

Siku hiyo nchi mbili zilikubaliana kuacha kukata mikoko, kuipanda pande zote, kupima maji pamoja na kupashana habari. Zilikubaliana pia kwenda na sauti moja kwenye mkutano wa mataifa, kudai moshi upunguzwe. Idara ya maji ikavuta bomba kutoka mlimani.

Miaka mitatu imepita. Bahari bado inapanda. Hilo linasubiri mataifa yote. Lakini mikoko imefika kifuani, na ufuo haumeguki kama zamani. Kila bamvua Mama Dobi husimama ufuoni kwenye nguzo ya kupimia maji, simu sikioni.

"Kwako yamefika wapi?" aliuliza juzi.

"Alama ya tisa," alijibu mwoka mikate.

Mama Dobi alitazama nguzo yake. Maji yalikuwa yametulia, kimya kabisa, kwenye alama ya tisa.

"Basi tuwaambie wenzetu wainue vitu sakafuni," alisema. Akamwita wifi yake, nao wakaanza kubisha hodi, nyumba hadi nyumba, huku ng'ambo nako milango ikigongwa.