Elisi ya Kubeba Samaki

Asubuhi pale Kyavinyonge, kando ya ziwa, kila mtu ana kazi yake. Wanawake wanaosha mabeseni. Wavuvi wanatengeneza nyavu. Marabu, wale ndege wakubwa wenye kipara, wanatembea katikati ya watu kama wenye mji. Na gari la samaki linapakia, halafu linapanda mjini Butembo. Halimngoji mtu. Ukikawia, samaki wako watakutazama mpaka waoze.

Kahongya alikuwa mtu wa kukawia. Zamani aliendesha moto, yaani pikipiki ya kubeba watu na mizigo, kule Mulekera, mjini Beni. Baadaye alinunua boti na motere, yaani injini ya kuisukuma. Sasa alikwenda kwenye kambi za wavuvi, akapakia tilapia, akamletea mke wake Jokébed. Jokébed ndiye aliyewapandisha garini kwa wateja wake wa Butembo. Kazi nzuri, kama boti inakwenda. Lakini hii boti, jamani! Ikiwa tupu, ilijitahidi. Ikishapakiwa samaki, motere ilipiga kelele na boti ikajikokota. Ilipofika, gari lilikuwa limeshaondoka. Samaki wengi waliishia kwa marabu.

Mume na mke walikuwa wameshasemezana maneno mazito. Kama mambo hayabadiliki, wauze motere. Kahongya atarudi Mulekera kuendesha moto ya mtu mwingine. Jokébed atapanda Masereka na watoto, kwa mama yake, kulima viazi. Mama mzee alikuwa ameshawawekea shamba. Nyumba moja ingekuwa nyumba mbili. Jokébed hakutaka. Kila akifikiria jambo hilo, moyo ulimuuma.

Sasa sikia alichokuwa amefanya huyu bwana kabla ya hapo. Aliona elisi inakwaruza mchanga kila akifika ufukoni. Elisi ni kile chuma chenye mapanga matatu, kinachozunguka majini na kusukuma boti. Kahongya akachukua ubao mnene. Akaupigilia nyuma ya boti, pale motere inapofungwa. Motere ikapanda juu. Mchanga ukaachwa, kweli. Halafu akaenda Butembo kununua elisi mpya, kwa kuwa ya zamani ilikuwa imeliwa na mchanga. Muuzaji akamwonyesha mbili za upana mmoja. Kila moja ilikuwa na namba mbili; ya pili ilikuwa tisa kwenye moja, kumi na mbili kwenye nyingine. Kahongya hakuuliza hata neno moja. Akabeba ile ya kumi na mbili, akaifunga. Kubwa ndiyo yenye nguvu, alijiambia. Sisi watu wa huku tunapenda kitu kikubwa, na hiyo si dhambi. Ila elisi haijui mambo hayo.

Jirani yao Mwanvua, mama wa Kiislamu kutoka Beni, alikuwa na boti yake. Aliiendesha mwenyewe, kitambaa kichwani, na gari halikumwacha. Jokébed alimshauri mume wake waende wamuulize. Kahongya akakataa kabisa. Mwanvua alichukua samaki katika kambi zilezile. Nani atamfundisha mtu anayegombania naye mzigo? Jokébed hakubishana naye. Alimwacha na kiburi chake, akaenda mwenyewe.

Mwanvua alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema upepo ukiamka ziwani, boti isiyokwenda inaua watu, na anayekwenda kuwaokota ni jirani. Kwa hiyo afadhali aje kuitazama boti leo, ingali ufukoni.

Alikuja kweli. Kahongya alimsalimia kwa nusu mdomo. Mwanvua hakujali. Kwanza aliomba motere izimwe na waya wa buji, ile plagi inayoiwasha, utolewe. Elisi haishikwi kwa mkono, alisema, kama motere inaweza kuwaka. Halafu akainama nyuma ya boti.

"Papa Bénite, huu ubao uliutia juu ya nini?" aliuliza sababu, akimwita kwa jina la mtoto wake.

"Juu ya mchanga," Kahongya akajibu. "Elisi ilikuwa inakula mchanga."

"Mais sasa inakula upepo."

Akamwonyesha bamba bapa la chuma, juu kidogo ya elisi. Bamba hilo, alieleza, linatakiwa liwe sawa na chini ya boti. Kwa boti ya mizigo, lishuke tena kidogo, upana wa kidole kimoja au viwili. Bamba la Kahongya lilikuwa limepanda juu kwa kiganja kizima. Tena yeye alirundika samaki wote mbele. Mbele ikazama, nyuma ikainuka, na elisi ikafika karibu na uso wa maji. Hapo ikavuta hewa. Elisi ikivuta hewa inazunguka bure. Motere inalia, boti inabaki palepale.

Kahongya aliuliza kama basi aishushe mpaka mwisho. Mwanvua akakataa. Ikishuka sana, maji yanaizuia na esansi, yaani petroli, inaisha bure. Na mchanga je? Ukikaribia ufuko, zima motere, iinue, ingia kwa kasia. Ni hivyo tu.

Waling'oa ubao. Wakafunga motere upya na kupima bamba kwa kidole. Wakapakia magunia ya mchanga, uzito kama wa samaki wa kila siku, wakayagawa mbele, katikati na nyuma. Boti inapimwa na mzigo wake, Mwanvua alisema. Ikipimwa tupu inakudanganya. Wakavaa jile zao za kuelea, wakaingia ziwani.

Kelele zilikwisha. Lakini motere sasa ilinguruma kwa uchungu, kama mtu anayenyanyua jiwe. Mwanvua alikuwa na kipimo kidogo kinachohesabu mizunguko ya motere. Kitabu cha motere kinasema mizunguko inatakiwa ifike wapi, esansi ikifunguliwa yote. Hii haikufika hata karibu. Kahongya akainamisha kichwa. Akasema motere ni mbovu, afadhali iuzwe, yaishe.

"Ngoja kwanza," Mwanvua akamwambia. "Kwenye moto, kama umepakia magunia mbili ya viazi pa mulima wa Masereka, unatia vitesi gani?"

"Ya kwanza. Ukitia ya ine, motere inazimika."

"Donc elisi yako njo vitesi ya ine. Na ya kwanza haiko."

Gia ya nne kupandia mlima na mzigo! Kahongya akaanza kucheka, akajicheka mwenyewe mpaka machozi. Miaka yote ile ya milima, na jambo hili hakulifikiria!

Mwanvua akamweleza vizuri. Namba ya kwanza kwenye elisi ni upana wake. Namba ya pili ni hatua, mafundi wanaiita pas. Ni umbali ambao elisi ingekwenda mbele kwa mzunguko mmoja. Hatua ndefu inafaa boti nyepesi. Hatua fupi inafaa boti ya mzigo. Ila ikiwa fupi kupita kiasi, motere inazunguka mno na kuharibika. Ndiyo maana lazima upime.

Mwanvua alikuwa na elisi ya akiba ya motere ya aina ileile, hatua yake namba tisa. Walirudi ufukoni, wakaifunga, wakaenda tena na magunia yaleyale. Motere ilipanda taratibu, ikafika pale kitabu kinapotaka, ikatulia. Boti ikasukuma maji. Kahongya alishukuru, safari hii kwa mdomo mzima. Akaahidi kuirudisha akishabadilisha yake Butembo.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kambini akiwa na elisi ya kuazima. Jokébed alisimama kando ya gari na mabeseni matupu, akiangalia maji. Gari lilikuwa bado linapakia alipoiona boti. Ilikuja imejaa, bila kelele. Karibu na ufuko motere ikazimwa, Kahongya akaiinua, akashika kasia.

Jokébed alifunua samaki wa kwanza shavuni. Ndani mlikuwa mwekundu, dalili ya samaki mbichi. Akafunua wa pili, mwekundu pia. Samaki wote wakapanda garini, na gari likaondoka kuelekea Butembo.

Akakaa juu ya beseni lililogeuzwa. Akalia kidogo, kwa furaha, wala hakujificha. Halafu akapangusa mikono kwenye kitenge, akachukua simu, akampigia mama yake Masereka.

"Mama," alisema, "lile shamba, umupatie mudogo wangu Kavira alime. Sisi wote tunabakia huku."