Kikohozi cha Kasuku

Kila asubuhi Kasuku alianza kukohoa kabla ya kusema shikamoo. Nyumbani walimpa jina hilo kwa sababu ya maswali na nyimbo zake, lakini sasa hata ubeti mmoja ulimshinda. Tangawizi ilishindwa, asali ikashindwa, dawa ya chupa nayo ikaisha bure. Mwalimu wa kwaya akamwambia apumzike mpaka apone, na hilo lilimuuma kuliko kifua chenyewe.

Hospitalini, yeye na mama walikuta wataalamu watatu chumba kimoja: daktari wa kifua, daktari wa koo, na mtaalamu wa kumeza aliyeshika biskuti.

"Mbona mko wengi?" Kasuku akauliza. "Naumwa sana?"

"Hapana," daktari wa kifua akacheka. "Kikohozi kina milango mingi. Kila mmoja wetu anabisha hodi kwenye wake."

Koo likaonekana safi. Biskuti ikaliwa pamoja na makombo yake. Kumeza hakukuwa na tatizo. Picha ya kifua nayo haikuonyesha kitu. Lakini daktari wa kifua alirudia kusikiliza upande wa kulia, kisha akamvika Kasuku masikioni kile chombo cha kusikilizia kifua. Hewa ilikuwa ikipiga mluzi humo!

"Kwa nini upande mmoja tu?"

"Hata sisi tunajiuliza. Kikohozi kilianzaje?"

"Alipata mafua," mama akajibu.

Kasuku alijua si mafua. Kilianzia darasani, alipocheka huku anatafuna kifuniko cha kalamu. Alipaliwa, na kifuniko hakikuonekana tena. Mama alishamkataza kutafuna kalamu mpaka akachoka, ndiyo maana aliogopa kusema. Lakini mluzi ule sasa alikuwa ameusikia kwa masikio yake.

"Mama, usinigombeze," akasema, akaeleza yote.

"Plastiki haionekani kwenye picha," daktari akasema. "Tungeitafuta mpaka lini?"

Kesho yake walimpa dawa ya usingizi, wakapitisha kooni kamera nyembamba yenye koleo, wakakitoa: kifuniko cha bluu chenye alama za meno.

"Mficha maradhi..." mama akaanza, Kasuku alipoamka.

"Msamehe, mama. Amejifichua mwenyewe," daktari akasema, kisha akamgeukia mtoto. "Tulikuwa watatu na hatukutosha. Mgonjwa naye ni mwenzetu kazini. Akificha analolijua, sote tunapapasa gizani."

Baada ya siku chache wodini kifua kilitulia. Kasuku akavuta pumzi ndefu, akaimba kwa nguvu hadi muuguzi akaja mbio kumwambia kuna watu wamelala.