Bustani ya Viumbe Wote

Ndege walikuja, wakanywa maji, wasiondoke. Ofisi nzima ikafurahi! Mkuu wa idara akawa anasimama dirishani na daftari, anahesabu kwezi, tetere na chiriku kana kwamba kawazaa yeye. Hakuna aliyejiuliza kwa nini jioni waliruka hadi kwenye uzio, wakageuka, wakarudi bwawani kimya. Wasomi hawa, jamani!

Bustani hiyo ilikuwa kazi ya Ruthu, afisa mazingira wa ofisi ile ya pembezoni mwa Dodoma. Alichimba kibwawa, akakataza nyasi zisifyekwe, akapanga mawe ya mijusi na magogo ya nyuki. Siku ya uzinduzi akatangaza kwenye kipaza sauti, "Viumbe wote, karibuni! Hapa ni kwenu."

Mzee Methusela, mlinzi wa getini, alimvuta pembeni. "Mwanangu, anayealika hutaja majina. Taja ndege, taja nyuki. Ukisema wote, watakuja wote."

Ruthu akacheka. Alikuwa na haraka ya kwenda kunyonyesha.

Wiki mbili baadaye, saa nane mchana, alitoka kama kawaida kwenda nyumbani Nkuhungu kwa mwanawe Lea, wa miezi mitano. Alivuka geti, akajikuta amesimama bwawani. Akadhani ni jua. Akavuka tena, bwawani tena. Mara ya tatu alikimbia, mkoba unampiga ubavuni, wenzake wanampita wakiaga na kutoka bila shida yoyote, na kila alipovuka kile chuma cha geti viatu vyake vilizama kwenye tope lile lile, harufu ya maziwa mabichi ikimjaa puani, na ndani ya nyasi kukisikika vyombo vikigongana na watu wakicheka kwa chini, watu wengi, walioshiba.

Simu ikaita. Alikuwa mumewe, Abeli. "Mama Lea, uko wapi? Mtoto amelia mpaka sauti imekauka. Uji anautema."

"Nakuja," Ruthu akajibu, blauzi imelowa kifuani.

Methusela ndiye aliyempigia mganga wa Buigiri, Mzee Matonya. Alipofika jua lilikuwa linaelekea kuzama. Hakuingia. Alisimama nje ya uzio, akanusa.

"Shikamoo, babu," Ruthu akanong'ona.

"Marahaba. Hao ni majini, tena ukoo mzima."

"Mbona wenzangu wametoka?"

"Wenzako walisikiliza tu. Aliyewakaribisha ni wewe, na mwenyeji haondoki akaacha wageni ndani."

"Wafukuze, babu! Mwanangu ana njaa!"

"Mgeni uliyemwita mwenyewe hafukuzwi, binti. Anasindikizwa. Waambie muda umefika, watangulie, wewe fuata nyuma hadi nje. Wakiaga, funga mdomo. Ukiwaambia karibuni tena, hutatoka humo maisha yako yote."

Ruthu akampigia Abeli. "Njoo na mtoto. Usiingie ndani, nisubiri getini." Hakusema zaidi. Angesema nini, naye analia?

Akazigeukia nyasi, akatamka kwamba muda umefika. Vicheko vikakatika. Nyasi zikaanza kulala chini mstari kwa mstari, nyayo zisizo na miguu zikijichora kwenye tope, ndogo za watoto, ndefu za watu wazima, nyingine zenye kwato, zikielekea getini bila haraka, naye nyuma yao, ameuma midomo mpaka ameonja damu, akihesabu hatua, akisubiri tope lile limrudie miguuni. Halikurudi. Akakanyaga lami! Juu, ndege wote wakaruka kwa mpigo, wakapotea.

Abeli alikuwa pale, Lea begani, bajaji mbili zimesimama kando.

"Tumeshukuru sana," zikasema sauti nyingi za upole. "Kwaheri."

Ruthu alinyamaza. Akamnyakua mwanawe, akamweka titini palepale, akalia kwa furaha.

Na Abeli, mtu aliyelelewa vizuri, akidhani ni wafanyakazi wenzake Ruthu wako gizani nyuma ya uzio, akainua mkono. "Asanteni kwa kumtunza mke wangu. Karibuni na nyumbani!"

Matonya akajishika kichwa.

Dereva wa bajaji aliwaangalia, akatikisa kichwa. "Kaka, mimi nabeba watatu mwisho. Hao wengine wapande ya mwenzangu."

Ile bajaji nyingine ikainama kwa uzito, ikawaka, ikatangulia kuelekea Nkuhungu.